Mugonjwa Bila Garde-malade

Mama,

Nimeshindwa tena. Jibu la mutihani limefika asubuhi ya leo, na muntu wa kwanza mwenye nilitaka kuambia ni we. Nilishika simu kabisa. Kisha nikakumbuka, nikakaa chini pale jikoni, nikalia kama mutoto.

We uliwachosha bamama ba kuuzisha samaki ndagala ku soko ya Baraka na sifa zako: "Binti yangu iko muganga ku Canada!" Muganga gani, mama? Huku niko nafagia vyumba vya bazee na kubabadilishia mashuka. Sindano sigusi. Miaka yote ya kuzalisha bamama pale Mboko, tochi kati ya meno, huku ni kazi bule mpaka nishinde mutihani yao, banipe ruhusa ya kuwa infirmière, muuguzi wa hospitali.

Acha nikueleze namna nilianguka, maana we utaelewa. Baliniweka mbele ya muzee mumoja, muzima kabisa, amelala ku kitanda anajifanya ametoka operesheni. Nikamusalimia, nikamupima tension ya damu, yote vizuri. Kisha nikageuka kutafuta garde-malade, muntu wa kumulinda. Yesu wangu! Ni mazoea tu. Kwetu mugonjwa haachwe peke yake: iko ndugu wa kumuogesha, kumulisha bugali, kulala chini karibu na kitanda, na muganga anamueleza huyo kila kitu. Nikauliza, "Papa, nani anakulinda?" Akanijibu, "Hakuna muntu. Niko peke yangu."

Mama, pale nilikufa. Juma moja tu ilikuwa imepita tangu bakuzike. Dada Riziki, jirani yetu, alikuwa ameniambia ku simu kwamba siku ya mwisho ulikuwa unaangalia mulango, unauliza, "Muganga yangu anakuya lini?" Jirani njo alikuwa anakupa maji. Jirani njo alikuosha pia, ulipokwisha kufa. Na mi, mutoto mwenye kusomea kazi hii, nilikuwa huku nangojea mutihani. Nilisimama mbele ya yule muzee, machozi ikaanza kutoka, mpaka bakasema saa imeisha.

Inabaki nafasi moja. Nikianguka tena, basi, njia inafungwa. Naogopa, mama. Naogopa sana, na hakuna wa kunigombeza: "Kaza roho! We si mutoto ya kwetu Lubondja?" Maneno hayo ilikuwa inanichokesha. Leo naitafuta, siipate.

Sikia basi. Nitaingia mara ya mwisho. Nikimukuta mugonjwa iko peke yake, sitageuka kutafuta muntu mwingine. Nitavuta kiti, nikae naye. Banipe ruhusa, baninyime, nitafika Baraka kusimama ku kaburi yako, hata kama ni mikono mitupu. Hiyo nakuahidi.

Lala, mama yangu muzuri. Ni mi, muganga yako mwenye hakukuosha.