Kaburi la Papa Liko Ubwari

Mjini Baraka, Jumanne jioni. Mvua imekatika saa tisa, na njia ya kutoka ofisi ya mtaa ni tope tupu. Nimerudi na viatu mkononi na hasira kifuani, na mtu ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Chefu, mkuu wa mtaa, alituita kwa ajili ya nyumba ya Mama. Baba mdogo anaitaka. Kiwanja kilinunuliwa Papa, baba yetu, akiwa bado kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania: yeye alituma pesa, mdogo wake akanunua, na jina la mdogo wake ndilo likaandikwa. Papa aliporudi akajenga, akaishi humo na Mama mpaka alipofariki mwaka huu. Jina kwenye karatasi hakuna aliyeligusa.

Majirani walisema wanajua nyumba ni ya nani. Ndipo Baba mdogo akasimama, taratibu kabisa.

"Kaburi ya kaka yangu iko Ubwari. Muntu banamuzikaka kwabo. Apa alikuwa anaikala tu."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Kwetu mtu huzikwa kwao, kaburi ni ushahidi wa ardhi, na la Papa linashuhudia ng'ambo ya maji.

Mimi ndiye niliyekubali apelekwe huko.

Siku ya msiba, Mama aliomba Papa azikwe nyuma ya jiko. Baba mdogo akasema arudishwe Ubwari kwa baba zake, mtumbwi na mafuta atalipa yeye. Nikamwona muungwana. Mama nikamwona wa kizamani, eti kaburi uani, wajukuu wanapocheza. Kwa kuwa mimi ndiye binti mkubwa, nilisema Ubwari, na neno langu likapita. Mama hakubishana. Ningemwuliza tu kwa nini anataka pale. Sikumwuliza, na hilo linaniuma kuliko maneno yote ya leo.

Jioni hii mimi na Mama tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo. Akaniambia bila kunitazama, "Mi nikikufa, munizike apa. Lakini mbele ya kufa, tutafute karatasi ya hii nyumba kwa jina yangu."

Nilishafungua mdomo nimwambie aache maneno ya kufa. Ndivyo tulivyomjibu Papa kila alipotaka kuzungumza habari za nyumba hii. Tuliona tunampenda.

Safari hii nilimsikiliza mpaka akamaliza.

Kesho tunakwenda Fizi kwa mwanasheria. Atakayezungumza ni Mama. Mimi nimeshasema ya kutosha.