Mwisho Aliotutungia Odera

Zilpa uko wapi? Pokea simu!

Unaikumbuka ile muvi ya zamani ya mwanajeshi na mchumba wake, iliyoteuliwa kuwania Oscar? Tuliiona kwenye banda la video pale Tarime, Odera akiitafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti zao.

Leo nimeirudia kwenye simu, bila Odera. Mwanajeshi HARUDI. Treni inaondoka, dada wa watu anabaki stesheni peke yake, imeisha.

Harudi, Zilpa! Ile "mpenzi, nimerudi" tuliyoisikia picha ikizimika, kumbe ni Odera mwenyewe!

Nimempigia. Anacheka! "Sista, banda zima mlikuwa mnalia. Ningewaacha muende nyumbani hivyo?"

Eti ningewaacha muende nyumbani hivyo.

Tangu hapo nazunguka tu humu ndani, hata kukaa siwezi.

Maana salamu za kaka yako kutoka Migori unaniletea wewe. "Otieno anasema umsubiri, anakuja." Kila mwaka anakuja. Na mimi sauti yake sijaisikia, nasikia yako.

Nimeona umesoma. Usinitumie emoji.

Ni Otieno aliyesema, au uliniona nalia?