Fa Wanayoiruka

Baba Neema, mume wangu,

Leo Jumamosi nimefagia ua wetu hapa Tibirinzi, nikapanga viti kwa sauti nne kama ulivyopenda, nikakaa kwenye kiti cha sauti ya pili kuwasubiri watoto wako wa chuo. Nasema wako, japo mimi na wewe tulizaa Neema tu. Kiti chako cha nyuma nimekiweka palepale. Najua wengine wataniona nimechanganyikiwa. Waache.

Unakumbuka tulipohamia Pemba kwa kazi yako ya ufundi bomba? Kanisani tulikuta watu wa kuhesabika, wengi wao wanafunzi wa ualimu kutoka bara. Waliimba vizuri, lakini mwongozaji akimaliza chuo anapanda boti, kwaya inanyamaza mpaka apatikane mwingine. Ukasema, "Mama Neema, hii kwaya inaondoka ndani ya begi la mtu mmoja." Ndipo ukaanzisha lile darasa la mikono hapa uani. Kila mwanafunzi, zamu yake ikifika, anasimama mbele na kuwaongoza wenzake, na wewe umekaa nyuma umefumba macho. Ikiadhiniwa alasiri mnashusha mikono na kunyamaza, ikiisha mnaendelea palepale mlipoachia. Mtu akikosea hukumsemesha. Ulikohoa tu. Siku moja mwanafunzi wako Yusta alikugeukia, "Baba, leo umekohoa mpaka naogopa. Nimeharibu, au unaumwa?"

Mimi tu ndiye uliyenikosa. Kila uliponiita mbele nilikwambia mimi ni darasa la saba, nitawaongozaje walimu? Ukanijibu, "Kwani mkono unaulizwa cheti?" Nilicheka, nikabaki kwenye kiti changu.

Na Bi Time wa nyuma ya ukuta, unamkumbuka siku ile? Mko katikati ya kupanda ngazi ya sauti, do, re, mi, fa, mara kilemba chake kikachomoza juu ya ukuta.

"Nyie watu! Kila Jumamosi fa, fa, fa! Mwamwambia nani afe?"

"Hatumwambii mtu, Bi Time," ukamjibu. "Ni majina ya sauti. Baada ya fa inakuja so."

"Na baada ya so?"

"La."

"La? Mshamwambia mtu afe, kisha mwasema la? Semeni moja!"

Yule kijana wa besi alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, kila mlipofika kwenye la, sauti ilitoka kule ng'ambo: "Mshaghairi!" Wanafunzi wakawa wanaisubiri kama sehemu ya zoezi.

Halafu ukaumwa kweli. Ulipotutoka, Bi Time alihamia kwangu na mkeka wake siku saba, hakuniacha hata kwenda kisimani. Alikuwa anakaa tu, anavuta uradi wake, na mimi nasali sala zangu. Mungu ambariki yule mama.

Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi watoto walikuja. Yusta akawapa sauti, wakaanza kupanda: do, re, mi. Kisha wakavuta pumzi, wakatua kwenye so. Nikadhani wamesahau. Jumamosi iliyofuata tena vilevile. Nilimvuta Yusta jikoni nikamuuliza. Akainama.

"Mama, tulikubaliana tusilitamke mbele yako."

Nilimkumbatia. Na kusema kweli mume wangu, nilishukuru. Sikutaka kulisikia neno lile. Hata Bi Time akaacha kuita. Ikawa ndiyo desturi ya ua huu, ngazi yenye daraja moja pungufu, na sisi sote tunaruka kwa heshima ya msiba wangu.

Mwezi uliopita Yusta na wenzake walimaliza chuo, wakaondoka. Nyumba imekuwa kubwa, Baba Neema. Redio nawasha ili pawe na mtu anayeongea. Neema hupiga simu kila siku, "Mama, rudi bara, unakaa na nani huko?" Nikamwambia nitakuja. Bi Time naye nikamwambia. Akasema, "Haya, mwenzangu, wewe wajua." Leo nilitaka kuwaaga hawa wanne wa mwaka wa kwanza waliobaki, waliokuja baada yako, basi.

Wakafika. Binti mmoja, Debora, akasimama mbele. Do, re, mi, pumzi, so. Nikamuuliza, kwa upole tu, "Mbona mmeruka?"

"Tumeruka nini, mama?"

Nikawatazama mmoja mmoja. Hawakuwa wakinificha kitu. Akina Yusta waliwafundisha hivyo na wao wakaamini ngazi ndivyo ilivyo! Kesho kutwa ni walimu hawa, watakwenda kuwafundisha watoto wa watu ngazi yenye pengo, na pengo lenyewe ni langu. Kazi yako yote ile, mume wangu, naiharibu mimi kwa kulia.

Nikainuka. Nilisema moyoni, Bwana nishike mkono. Nikasimama mbele kwa mara ya kwanza tangu unioe. Nikapanda nao do, re, mi, na pale nikakwama. Wakanisubiri. Nikaanza tena, na safari hii nikaitoa peke yangu.

Fa.

Wakaangaliana, kisha wakaifuata. So. La. Nikajikuta nasikiliza ukuta. Tukarudia mara ya pili, tulipofika kwenye la nikasikia kiti kinasogezwa upande wa pili, na sauti ndogo, kama ya mtu anayebisha hodi:

"Mshaghairi, Mama Neema?"

"Nimeghairi, Bi Time."

Akaanza kumshukuru Mungu wake kwa sauti, na Debora hakuelewa kwa nini nafuta macho.

Neema nitampigia nikimaliza barua hii. Sidanganyi kwamba upweke umeondoka. Watoto wamekwenda, viti nimevirudisha ndani, chako nimekiacha uani. Nimekosea mikono mara nyingi sana leo, mume wangu, na kila nilipokosea nilisimama kidogo, nikangoja ukohoe.

Pumzika kwa Bwana. Jumamosi nitasimama tena.

Mkeo, wa sauti ya pili,
Mama Neema