Pete ya Banda la Kuku

Basi mdogo wangu, nikuendelezee pale simu ilipokatika. Shemeji yako na mashine yake ya kusaka vyuma, baada ya kufukua misumari na vizibo vya soda mpaka majirani wakamwita Mganga wa Kutu, juzi ikamlilia kwenye banda la kuku la marehemu mama. Kachimba, katoa pete ya mama. Ile uliyomwambia nimeiba mimi. Kumbe ilimponyoka akiokota mayai.

Nikaipeleka kwa sonara aipime. Kaisugua kwenye jiwe, kadondoshea dawa, likatoka povu la kijani.

"Dada, hii shaba tupu. Nani aliwaambia dhahabu?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama kafa hataki hata nimshike mkono, kwa ajili ya shaba.

Sikudai kitu. Ila wakusanye shangazi na wajomba, uwaambie kwa mdomo ule ule ulionisemea. Pete nimeivaa, kidole kimeshageuka kijani, na siivui ng'o mpaka nisikie umesema.

Haya, shemeji yako ananiita huko nje, mashine imelia tena.

Ni mimi dada yako, mwizi wa shaba.