Blanketi Dirishani kwa Kendi

Jumapili, Embu. Manyunyu tangu asubuhi.

...basi ndiyo maana sikumaliza mukimo, na Mwenda wangu akadhani naumwa. Siumwi. Nimechukizwa hadi tumbo linakataa chakula.

Ndiyo, ni mimi yule yule niliyeijaza blogu hii picha za harusi. Bado nampenda huyu mwanamume hadi najichekea nikimfulia soksi. Lakini jana tulienda kwao Ruiri, mara yangu ya kwanza kama mke, na kwao bibi harusi hupika chai, huigawa, hunyamaza.

Nikampelekea chai Kendi, dada yake mdogo wa Gredi ya Tano. Mchana kweupe alikuwa kitandani, blanketi zito limepigiliwa misumari dirishani. Chumba kinanuka kinyesi cha kuku. Shuleni haoni ubao, kwa hivyo mama mkwe amemfungia ndani likizo yote, eti mwanga unamaliza macho.

Kisha shangazi yao akaingia, akamtemea mate machoni.

Hapigi mswaki makusudi, maana wanaamini mate ya kinywa kisichooshwa ndiyo dawa. Yakateremka shavuni, mazito, na ganda la maharagwe ndani.

"Nimezoea," Kendi akaniambia. "Siku akila kitunguu ndiyo mbaya."

Nikatapika nyuma ya zizi la mbuzi. Wanawake jikoni wakaanza kunong'ona kwa furaha kwamba mjukuu ameshaingia.

Nikampigia simu daktari wa macho aliyenipimia miwani. Akasema nyuma ya jicho, kwenye retina, kuna seli zinazohisi mwanga. Zikiupata, huchochea seli jirani zitoe kemikali iitwayo dopamini, na hiyo husaidia jicho la mtoto lisirefuke kupita kiasi. Likirefuka, vitu vya mbali huwa ukungu. Mtoto acheze nje, apimwe, huenda anahitaji miwani. Mate yatamletea maambukizi tu.

Nikaziwazia seli za Kendi, zimekaa gizani bila kazi.

Nikamweleza mama mkwe kila kitu.

"Nguo yako bado inanukia keki ya harusi," akasema, "na tayari wewe ni daktari?"

Jikoni walicheka hadi wakashikana mabega. Mwenda hakucheka. Alitafuta nyundo, akang'oa misumari mmoja mmoja, akalitupa blanketi uani. Wasomaji wangu, ningeolewa naye tena saa ile ile.

Mama yake hakula nasi. Nimemuudhi mwanamke ninayetaka anipende maisha yangu yote. Lakini ningewezaje kunyamaza?

Kendi alitusindikiza hadi langoni, macho ameyafinya kwa mwanga. Mama mkwe alikuwa amesimama pale, mikono kifuani. Nikamwambia mtoto mbele yake: kabla mwezi huu haujaisha nitarudi, nikupeleke Nkubu ukapimwe macho.

Mama mkwe akageuka, akarudi ndani. Nitaenda tu.