Ushuhuda ya Mianda

Siku ya kazi moya, tarehe 10 mwezi wa tatu 2025

Assistant Godefroid ametupatia kazi. Yeye njo anatufundisha relations publiques, na yeye njo chef wa communication wa université yetu ya kanisa. Eti kuko bageni ba kanisa banatoka Ulaya, njo benye kulipia majengo. Banataka vidéo: ushuhuda ya mwanafunzi mumoya, Mungu alimutosha wapi, akamufikisha wapi. Mwenye vidéo ya kushinda atapewa stage, kujifunza kazi ku bureau ya communication ya kampuni moya ya shaba. Stage! Na badge, na bus ya bafanyakazi!

Ile stage ni yangu. Jessica wa classe yetu anafikiri ni yake, juu baba yake iko na kamera. Aende na kamera yake! Atapiga nani? Ba cousines yake benye kushiba? Mi niko na Mianda.

Siku ya kazi mbili, 11

Mianda tunalala naye chumba moya tangu mwaka ya kwanza. Zamani alikuwa anasafisha malachite, mawe ya shaba, ku mutoni, ngambo ya Mashamba, yeye na mama yake, magoti mu maji asubui mpaka mangaribi. Leo anasoma journalisme. Ushuhuda gani inapita ile? Nikamuambia ni kwa utukufu wa Mungu. Akakubali mbio. Mianda, ukitaja Mungu tu, anakubali.

Vidéo ya kwanza — bure kabisa! Anasema sawa mutu mwenye kusoma météo, habari ya mvua. Nilikuwa mu maji, Mungu akanitosha, aksanti. Assistant akaangalia, akanirudishia téléphone. Eti haina uchungu. Bageni banataka uchungu.

Siku ya kazi ine, 13

Nimeomba mama wa kufagia atuazime kitambaa yake ya kupasuka. Mianda akaivaa. Tukaenda ku mutoni. Nikamuambia ainame, asafishe mawe.

— Mbombo, hii kazi mi niliachaka.

— Inama tu. Kidogo.

Akainama. Muzuri sana mu image! Lakini machozi, hata moya.

Njo nikamuambia: fikiria Exaucé.

Exaucé ni mutoto wake. Iko Lubudi na bibi yake. Hapa bote banajua ni ndugu yake mudogo. Mi peke yangu njo najua alimuzaa mbele ya kumaliza sekondari, na négociant, munuzi wa mawe, mwenye kukimbia. Mianda akashituka. Alafu akaanza kusema. Yote! Kidevu ikatetemeka, makamasi ikatoka. Mi nikasogea karibu na téléphone. Sikumukamata mukono. Niliogopa image itatikisika.

Kiisha akasema: futa pale pa mutoto. Nikakatala. Ile njo ushuhuda yenyewe! Mu kanisa mutu anasema zambi yake mu micro, batu banapiga mikono, inaisha. Nani amefukuzwaka juu ya ushuhuda? Akafikiri. Ni kweli, ku kanisa ya kwao kuko mama mumoya alikiri byote, leo anaongoza kwaya.

— Basi acha, akasema. Nimechoka kumuita mutoto wangu ndugu.

Siku ya kazi tatu, 19

NIMESHINDA!

Leo ku culte, ibada ya université, balionyesha vidéo yangu ku ukuta mukubwa. Bageni balilia. Mama mumoya mwenye miwani alilia mpaka akatoka inje. Pasta Kazadi, secrétaire académique wetu, akashuka, akaweka mikono yake yote mibili ku kichwa ya Mianda, akaomba mpaka jasho. Batu bote: Amina! Mianda alikuwa anacheka na kulia pamoya.

Na Jessica? Alikuwa anakula kucha. Njo utamu ya kweli ya hii siku, nasema wazi.

Stage inaanza tarehe 31.

Siku ya kazi tano, 21

Mianda ameitwa ku conseil ya discipline, kule banafukuzaka banafunzi.

Eti règlement, sheria ya université: binti mwenye mutoto na hana ndoa hawezi kusoma hapa. Na siku ya kujiandikisha alisema hana mutoto. Mwenye kumuita ni Pasta Kazadi. Ile ile mikono! Na ku page ya université vidéo inatembea bado, na chini yake namba ya banque ya kutuma sadaka.

Mianda halie. Anasema nikieleza tu kama ni bureau ya communication njo iliomba, itaisha.

— Utaingia na mi, eh?

— Eh.

Siku ya posho, 22

Assistant ameniita. Iko na kazi mbili. Ya kwanza: vidéo mupya, mutoto atoke, machozi ibakie. Machozi ni muzuri, anasema, usiiguse. Ya pili: communiqué, tangazo mufupi. Mianda ameacha masomo kwa mapenzi yake mwenyewe, juu ya mambo ya jamaa.

Nikauliza: lakini conseil haijakaa bado? Akacheka. Eti, Mbombo, communiqué haingojake habari, ulinisikiliza kweli mu cours? Nikacheka na mi. Sijue juu ya nini nilicheka. Alafu akanikumbusha stage.

Nimeandika. Nimesoma tena na tena. Iko muzuri! Fupi, na heshima, hakuna mutu atauliza neno. Mianda alikuwa pale pembeni, ananipigia blouse pasi, ile nitavaa ku conseil. Nikageuza téléphone.

Siku ya kazi moya, 24

Nimekaa ku banc ya corridor. Bametutosha inje, bao ba conseil banazungumuza.

Mule ndani Pasta Kazadi alimuuliza Mianda: nani alikutuma useme ile? Akajibu: Mbombo. Na yeye alitumwa na bureau yenu, Pasta, mumuulize. Alisema polepole, bila hata kuniangalia, juu alikuwa na hakika. Pasta akanigeukia. Binti, njo kweli? Assistant Godefroid alikuwa anaangalia kalamu yake.

Nikasema: Pasta, alisema mwenyewe. Mi nilikuwa nashika téléphone tu.

Ilitoka mbio, na sauti ya kutulia. Sauti muzuri ya radio.

Mianda akaniangalia. Ningefurahi kama angenitukana! Sasa iko kule mwisho wa banc, mi huku. Nasikia haya. Na nafurahi, stage iko bado. Byote bibili, Mungu anisamehe.

Page ya université, mi njo naichunga tangu vidéo ishinde. Message imeingia sasa hivi. Ni ule mama mwenye miwani. Eti banarudia hapa kwetu siku ya yenga, siku ya kanisa, banataka kumuletea mutoto wa Mianda biatu. Anavaa namba gani?

Assistant ametosha kichwa ku mulango, nikamuonyesha. Jibu mbio, anasema, na utamu. Akafunga.

Nimemuuliza. Nifanye nini ingine?

— Mianda. Exaucé anavaa namba gani?

Alikuwa anaangalia ukuta.

— 26. — Alafu: — Hapana, andika vingt-sept. Anakomaa mbio.

Nimeandika 27. Nikaongeza: Mungu abariki. Nimetuma. Mulango bado imefungwa.