Mistari ya Buluu

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha visa na u mzima. Mimi sijambo, kazi tu ndiyo inanikimbiza.

Nina habari. Kampuni imekubali nichape upya insha za Baba, safari hii kama alivyozikusudia mwenyewe. Riwaya zake zinasomwa hadi leo, lakini kile kitabu cha insha kilitoka kimekonda. Nimelinganisha kitabu na ile miswada uliyonipa, ukurasa kwa ukurasa. Mama, theluthi nzima haimo! Na kila kilichokosekana kina mstari wa penseli ya buluu pembeni. Ni yule mhariri wake wa zamani, sina shaka. Najua ni marehemu, lakini kweli ni kweli. Nimemtaja kwenye dibaji bila kupepesa macho. Yote aliyoyakata yanarudi, na mtamboni tunaingia mwisho wa Aprili.

Unakumbuka lolote kuhusu penseli hiyo?

Mwanao,
Mdadisi

12 Machi

Mwanangu Mdadisi,

Marahaba. Goti lipo palepale, tumezoeana.

Nimefurahi baba yako anarudi madukani. Ya penseli sikumbuki. Nyumba hii ilijaa penseli, moja niliikuta kwenye kopo la sukari. Yaliyopita si ndwele. Ule vizuri.

Mama

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Umenijibu kama mtu anayefunga mlango huku anatabasamu. Nakujua, ukiwa huna la kuficha barua yako hujaza kurasa tatu.

Haya, sikulazimishi. Nimewasomea wenzangu dibaji, wakapiga makofi. Ukikumbuka kitu, niandikie kabla Aprili haijaisha.

Mwanao

25 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila barua yako imelala chini ya mto wangu wiki tano na imeninyima raha.

Futa hiyo dibaji. Usimbebeshe marehemu mzigo usio wake.

Penseli ilikuwa ya baba yako. Jumapili alasiri nilikuwa nikipiga pasi sare zangu za kazini, pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, naye ameketi kwenye kigoda alichokuja nacho kutoka nyumbani, ananisomea alichoandika. Nikipiga miayo, anachora mstari wa buluu. Kisha ananipokonya pasi na kuniambia nikalale. Nilidhani nimemkera.

Kitabu kilipotoka nilizitafuta zile sehemu. Hakuna hata moja! Ile insha ya kinyozi, niliyoipenda kuliko zote, ilibaki kichwa na miguu. Nikajua mkasi ni mimi. Na wala sikuwa nimechoshwa na maneno yake, mwanangu. Nilikuwa nimetoka zamu, mashuka mia mbili kwa mikono hii. Sikumwambia, naye hakusema, mpaka tukamzika. Inaniuma hadi leo.

Sasa kama aliyakata mwenyewe, basi kitabu alichokikusudia ni kile kile chembamba. Fanya unavyoona ni haki.

Mama

9 Mei

Mama yangu,

Shikamoo, na pole. Laiti ningejua.

Barua yako ilinifikia siku moja kabla ya kuchapa. Nilisimamisha kazi yote, na mkuu wangu hajanisalimia tangu siku hiyo. Kama Baba alikata mwenyewe, mimi nilikuwa karibu kuwauzia watu uongo. Nikaenda kwenye ghala la wachapishaji wake wa zamani, nikapekua majalada siku mbili, vumbi mpaka masikioni. Nikaikuta barua yake kwa mhariri, ina muhuri wa wiki tatu baada ya kitabu kutoka. Nainakili:

“Ndugu Mhariri, kitabu nimekipata. Mistari ya buluu haikuwa ya kukata. Ni sehemu ambazo mke wangu alizipigia miayo kwa uchovu wa kazi. Nilizitia alama nimsomee tena akishapumzika, maana asilolisikia yeye huwa sijalimaliza. Kosa ni langu, nilikuletea nakala hiyo bila kukueleza. Toleo la pili, tafadhali rudisha kila neno. Na naomba mke wangu asijue. Akijua atadhani yeye ndiye aliyekata.”

Toleo la pili halikutoka, Mama.

Dibaji nimeifuta. Nimeona aibu kweli, nilimhukumu mtu asiyeweza kujitetea. Nimeandika nyingine, na humo umo wewe na pasi yako, kwa hiyo sitaichapa bila ruhusa yako. Nakutumia na kurasa zote zilizorudishwa. Zisome kwa sauti.

Mwanao,
Mdadisi

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na nalala vizuri.

Barua ya baba yako ilinitoa machozi, kisha nikaigombeza picha yake ukutani. Miaka yote hiyo! Nyumba moja, kitanda kimoja, na kila mmoja anamfichia mwenzake jambo lile lile.

Ruhusa umepata. Mwambie mkuu wako akusalimie.

Kurasa nimezisoma zote kwa sauti, nimeketi kwenye kigoda chake. Katika ile insha ya kinyozi, ukurasa wa arobaini na moja, nimepiga miayo. Safari hii sikuwa nimechoka, ni yeye tu alizidisha maneno.

Usikate hata moja.

Mama yako